Kuharakisha tovuti ya Kiswahili kwenye simu hadi Google iione: mwongozo kamili

Google haimpi nafasi ya kwanza mwenye tovuti nyepesi kuliko zote. Humpa aliyejibu swali vizuri. Kasi huingia pale kurasa kadhaa zinapokaribiana kwa ubora wa jibu, na kwa mambo yanayotafutwa sana kwa Kiswahili, kama vile utaratibu wa kusajili biashara, dalili za ugonjwa wa kuku au bei ya mahindi, kurasa zinazokaribiana ni nyingi mno. Google ilianza kuhesabu kasi kwa watafutaji wa kompyuta mwaka 2010, ikaongeza wa simu Julai 2018, na tangu Juni 2021 inatumia vipimo vitatu vinavyotoka kwa watumiaji halisi wa Chrome. Isitoshe, siku hizi inaorodhesha tovuti kwa kuangalia toleo la simu. Ukurasa unaopendeza kwenye kompyuta ya ofisini lakini unakwama kwenye simu, kwa Google ni ukurasa unaokwama.

Kuna sababu nyingine, na kwa wasomaji wetu ina uzito kuliko hiyo ya kwanza. Msomaji analipia kila ukurasa. Bando la GB 1 linatosha kufungua kurasa 200 hivi za megabaiti 5, au kurasa 2,000 za kilobaiti 500. Tovuti inayomaliza bando la watu hupoteza wasomaji hata kama Google inaipenda.

Maelezo yafuatayo yanamlenga mwenye tovuti ya WordPress, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi kwa blogu, magazeti madogo na maduka ya mtandaoni. Anayetumia mfumo mwingine atabadilisha majina ya vitufe tu.

Pima kabla hujagusa kitu

Vipimo vyenyewe ni hivi:

- LCP ni muda tangu msomaji abonyeze kiungo hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane. Mara nyingi ni picha au kichwa cha habari. Kisizidi sekunde 2.5. Kikivuka sekunde 4 hali ni mbaya.
- INP ni muda kati ya kidole kugusa kitufe, menyu au kisanduku na skrini kuonyesha badiliko. Milisekunde 200 kushuka chini ni vizuri, zaidi ya 500 ni vibaya. Kipimo hiki kilichukua nafasi ya FID, kipimo cha zamani cha mguso wa kwanza, tarehe 12 Machi 2024, kwa hiyo mwongozo wowote unaokuhimiza kurekebisha FID umepitwa na wakati.
- CLS hupima jinsi vitu vinavyohamahama ukurasa unapofunguka. Iwe 0.1 au pungufu. Ikizidi 0.25 wasomaji wako wanagusa vitu wasivyovikusudia.

Hukumu haitolewi kwa wastani. Google inataka angalau ziara 3 kati ya kila 4 ziwe ndani ya kiwango. Maana yake ni kwamba zaidi kidogo ya robo ya wasomaji wenye simu dhaifu na mtandao hafifu inatosha kuiangusha tovuti nzima, hata kama wewe na marafiki zako mnaiona inaruka.

Anza na Google Search Console. Fungua ripoti ya vipimo hivi (Core Web Vitals), chagua upande wa simu, uone ni makundi gani ya kurasa yana tatizo. Kisha chukua kurasa tatu za aina tofauti, yaani ukurasa wa mwanzo, makala moja ndefu, na ukurasa wa bidhaa au wa orodha, uziweke moja moja kwenye PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi. Utaona sehemu mbili. Ya juu ni takwimu za watu halisi kwa siku 28 zilizopita. Ya chini ni jaribio la maabara: programu inajifanya simu ya hali ya kati yenye mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde na ucheleweshaji wa milisekunde 150. Alama ya 0 hadi 100 inayowahangaisha wengi hutoka kwenye hiyo sehemu ya chini, ilhali Google huhukumu kwa sehemu ya juu. Tumia maabara kutafuta chanzo cha tatizo, si kutafuta 100. Tovuti yenye wageni wachache haitakuwa na takwimu za juu kabisa, na hapo maabara pamoja na simu halisi ndiyo macho yako.

Simu halisi usiiruke. Tafuta Android yenye RAM ya GB 2 au 3, zima Wi-Fi, tumia laini ya simu, fungua dirisha la faragha ili nakala za zamani zisikudanganye, kisha ingia kwenye tovuti kupitia matokeo ya Google kama mgeni yeyote. Ukitaka kuona ndani, iunganishe kwa waya wa USB na kompyuta, washa utatuzi wa USB (USB debugging) kwenye simu, uandike `chrome://inspect` kwenye Chrome ya kompyuta.

Kwa kila ukurasa andika mahali: LCP, kitu kilichohesabiwa kuwa LCP, CLS, uzito wa ukurasa na idadi ya faili zilizoombwa. Lengo tunalopendekeza kwa makala ya kawaida ni megabaiti 1 kwa jumla, na JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari) isizidi kilobaiti 300 ikiwa imebanwa. Bila kumbukumbu hii hutajua kilichosaidia na kilichoharibu.

Kumbuka pia kwamba takwimu za Google hazimhesabu anayetumia Opera Mini wala mwenye iPhone. Hao nao ni wasomaji wako, na kazi hii inawafaa vilevile.

Umbali wa seva

Hapa ndipo tovuti nyingi za Afrika Mashariki hupoteza muda bila mwenyewe kujua. Seva ikiwa Marekani, taarifa kwenda na kurudi kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida huvuka milisekunde 200. Kabla baiti ya kwanza haijafika, simu hufanya safari kadhaa za namna hiyo: moja ya kufungua muunganisho, moja ya kukubaliana usimbaji fiche kwa TLS 1.3 (mbili ikiwa seva bado inatumia TLS 1.2), na moja ya kuomba ukurasa wenyewe. Safari tatu ni milisekunde 600. WordPress isiyo na kache (nakala za kurasa zilizotengenezwa tayari) ikichukua milisekunde 700 kuutengeneza ukurasa, umeshafika sekunde 1.3 na skrini bado ni nyeupe. Nusu ya sekunde zako 2.5 imeliwa na picha haijaombwa. Kiwango kizuri cha baiti ya kwanza ni milisekunde 800 au pungufu.

Sasa ongeza uelekezaji. Mtu anaandika jina la tovuti bila https, seva inamtuma kwenye https, kisha inamtuma tena kwenye anwani yenye www. Kila mruko unaleta safari mpya. Fungua Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda kichupo cha Network, weka alama kwenye "Preserve log", uandike anwani yako kwa namna nne: na http na https, yenye www na isiyo nayo. Zote zifike kwenye anwani moja ya mwisho kwa mruko mmoja tu. Menyu na viungo vya ndani navyo viandikwe kwa anwani hiyo ya mwisho.

Hatua za seva zenyewe, kwa mpangilio:

1. Kwenye cPanel, paneli ya kusimamia seva, angalia toleo la PHP, lugha inayoendesha WordPress. Toleo la 7.4 liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, na matoleo ya 8 yana kasi zaidi. Weka nakala rudufu kwanza, panda toleo, kisha pitia kurasa zote tatu. Kinachovunjika hapa kwa kawaida ni plagini (programu ya nyongeza) iliyotelekezwa na mtengenezaji wake. Washa OPcache, hifadhi ya msimbo wa PHP uliokwisha kutafsiriwa, ikiwa imezimwa.

2. Weka kache ya kurasa, ili WordPress isitengeneze ukurasa uleule upya kwa kila mgeni. Kama seva yako ni LiteSpeed, tumia LiteSpeed Cache. Kama sivyo, WP Super Cache inatosha kwa tovuti ya habari. Chagua moja. Plagini mbili za kache hugombana, na dalili yake ni makala mpya kutoonekana kwa wageni au mpangilio wa ukurasa kuvurugika. Kwenye duka, kurasa za kikapu, malipo na akaunti ya mteja zisiwekwe kwenye kache kamwe, la sivyo mteja anaweza kuona kikapu cha mwenzake.

3. Weka mtandao wa usambazaji (CDN) mbele ya seva, yaani vituo vinavyohifadhi nakala za tovuti karibu na wasomaji. Cloudflare ina vituo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na kifurushi chake cha bure kinaanzia vizuri. Lakini kuna mtego: kwa kawaida yake huhifadhi picha, CSS (faili za mpangilio na rangi) na JavaScript tu, si ukurasa wenyewe wa HTML. Hakikisha kwa F12: bonyeza ombi la kwanza kwenye orodha, tafuta mstari wa `cf-cache-status`. Ukisema DYNAMIC, kila msomaji bado anavuka bahari kufuata HTML. Weka kanuni ya kuhifadhi HTML kwa wageni wasioingia kwa nywila, ukiacha nje `/wp-admin` na kurasa za duka, hadi isomeke HIT. Kisha fungua `/cdn-cgi/trace` mwishoni mwa anwani ya tovuti yako ukiwa kwenye laini ya simu, usome mstari wa `colo`. NBO ni Nairobi, MBA ni Mombasa, DAR ni Dar es Salaam. Ukiona kituo cha Ulaya, mtandao wa simu yako ndio unaopitisha njia ndefu. Jaribu laini nyingine ujue wasomaji wangapi wanaguswa.

4. Hakikisha maandishi yanabanwa kwa Brotli au gzip, na faili zisizobadilika (picha, fonti, CSS zenye namba ya toleo) zinatumwa na `Cache-Control: max-age=31536000`, yaani mwaka mmoja. Msomaji anayerudi asipakue nembo yako upya.

5. Kwenye WordPress fungua Tools, kisha Site Health. Kuanzia toleo la 6.6 inakuonya mipangilio inayopakiwa kila mara ikizidi kilobaiti 800. Mara nyingi ni mabaki ya plagini zilizofutwa zamani.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Ukurasa uliohifadhiwa kwenye kituo cha karibu hauna haja ya kuvuka bahari ili msomaji wa Morogoro au Kisumu ausome, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kufanya hatua ya tatu.

Picha ya juu ya ukurasa

Hapa kaa. Kwenye tovuti za habari na maduka, LCP ni picha, na picha hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Simu nyingi za Android zina upana wa pikseli 360 hadi 412 kwa hesabu ya kivinjari, na skrini zake huchora mara mbili ya hapo au zaidi kidogo. Picha ya pikseli 800 kwa upana inatosha simu. Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu huwa na pikseli 4000 kwa 3000 na uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Kuipakia vivyo hivyo ni kumtumia msomaji pikseli ambazo skrini yake haiwezi kuzionyesha, kwa gharama yake.

Kabla ya kupakia, ipunguze hadi upana wa 1200 na uigeuze kuwa WebP yenye ubora wa 75. Kwa amri:

```
cwebp -q 75 -resize 1200 0 soko.jpg -o soko.webp
```

Asiyependa amri atumie Squoosh, inafanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Picha ya kawaida ya tukio itashuka hadi kilobaiti mia moja na ushei. Picha yenye majani mengi au umati wa watu hubaki nzito kidogo; shusha ubora hadi 65 uone kama jicho linagundua. WordPress inapokea WebP tangu toleo la 5.8 na AVIF tangu 6.5. AVIF hubana zaidi, ila inachosha seva ndogo wakati wa kutengeneza saizi zake, kwa hiyo kwa tovuti ya kawaida WebP inatosha.

WordPress itatengeneza yenyewe saizi ndogo, ikiwemo ya 768, na kuandika `srcset` ili kila simu ichukue inayoifaa. Utaratibu huo unavunjika kwa njia tatu. Ya kwanza, plagini ya kujenga kurasa (page builder) inaweka picha kama usuli wa CSS: kivinjari hakiioni hadi CSS ifike, na saizi ndogo hazitumiki. Badilisha iwe picha ya kawaida ya `<img>`. Ya pili, themu (muundo wa sura ya tovuti) inaomba saizi kamili kwa jina. Utaigundua kwa kubonyeza picha kwenye F12 na kulinganisha upana uliopakuliwa na unaoonyeshwa.

Ya tatu ndiyo inayoharibu tovuti nyingi kuliko zote: kuchelewesha upakiaji wa picha ya kwanza. `loading="lazy"` ni kitu kizuri kwa picha zilizo chini, ambazo msomaji huenda asizifikie. Kwa picha ya juu ni sumu, kwa sababu kivinjari husubiri kupanga ukurasa kwanza ndipo kiiombe. Plagini za kuchelewesha picha zilizoandikwa zamani ni mbaya zaidi: huficha anwani ya picha ndani ya `data-src` na kusubiri JavaScript iirudishe. WordPress ina ucheleweshaji wake tangu toleo la 5.5, na tangu 6.3 hujaribu kuipa picha ya juu kipaumbele. Ondoa hiyo plagini. Picha ya juu inatakiwa isomeke hivi:

```
<img src="soko-768.webp"
     srcset="soko-768.webp 768w, soko-1200.webp 1200w"
     sizes="(max-width: 800px) 100vw, 800px"
     width="1200" height="800"
     fetchpriority="high"
     alt="Wafanyabiashara wakipakua nyanya sokoni Kariakoo">
```

`fetchpriority="high"` iwe kwa picha moja tu. Ukiipa tano, hakuna yenye kipaumbele.

Picha zinazopokezana juu ya ukurasa wa mwanzo ziondoe. Zinapakua picha nne au tano pamoja na maktaba nzima ya JavaScript, na wengi husogea chini kabla ya ile ya pili kufika. Weka picha moja na sentensi moja inayosema unachofanya.

Jambo lililoenea sana kwetu ni tangazo lililopigwa picha: nafasi ya kazi, ratiba ya usaili, orodha ya bei, vyote vikiwa PNG ya megabaiti 2. Msomaji haioni yote hadi imalize kupakuliwa, hawezi kunakili namba ya simu, msomaji asiyeona hapati chochote, na Google inabaki na picha mahali ilipotakiwa kuwa na maneno. Andika maneno yote kama maandishi ya ukurasa. Mwenye kuhitaji tangazo lenye mhuri mwekee kiungo cha PDF na utaje uzito wake. Kwa tovuti za ajira, badiliko hili pekee hugusa kasi na utafutaji kwa pamoja.

Video ya YouTube iliyopachikwa huleta mamia ya kilobaiti za JavaScript hata kama hakuna atakayeibonyeza. Weka picha yake ya jalada yenye alama ya kucheza, na kichezaji kije baada ya kubonyezwa. Plagini nyingi za kasi zina swichi ya kazi hiyo.

Fonti

Kiswahili hakina herufi zenye alama juu wala chini. Hata ng' hutumia apostrofi ya kawaida. Huhitaji faili ya fonti yenye Kisiriliki na Kivietinamu. Chukua kipande cha Kilatini peke yake katika WOFF2, uzito mbili tu (wa kawaida na mzito), uviweke kwenye seva yako, na uandike `font-display: swap` ili maneno yaonekane kwa fonti ya simu hadi yako ifike. Wazo la kwamba fonti za Google tayari zimo kwenye simu ya msomaji kutoka tovuti nyingine halina ukweli tena: tangu Chrome 86, mwaka 2020, kila tovuti ina hifadhi yake. Na kama huoni sababu ya kuwa na fonti ya pekee, tumia `system-ui`. Haina uzito wowote.

JavaScript na plagini

Simu ya bei nafuu hushindwa hapa zaidi ya kwenye mtandao. Faili ikishafika lazima ichambuliwe na kuendeshwa, na kazi yoyote inayozidi milisekunde 50 mfululizo huifanya skrini isisikie kidole. Kinachochukua milisekunde 100 kwenye kompyuta yako kinaweza kuchukua mara nne au zaidi kwenye simu hiyo.

Orodhesha plagini zote. Kwa kila moja jiulize: ikiondoka, msomaji atakosa nini? Zinazobaki zichunguze kwa F12, kichupo cha Coverage, uone ni faili zipi zinapakuliwa na sehemu kubwa yake haitumiki. Plagini ya fomu ya mawasiliano mara nyingi hupakia faili zake kwenye kila makala ilhali fomu iko ukurasa mmoja. Izuie kwingine kote.

Mifano ya kuokoa kwa urahisi: kitufe cha WhatsApp hakihitaji plagini. Kiungo cha kawaida cha `https://wa.me/` kikifuatiwa na namba yako yenye 255 au 254 mwanzoni, bila alama ya kujumlisha, kinafanya kazi ileile bila kilobaiti hata moja ya JavaScript. Vitufe vya kusambaza kwenye mitandao ya kijamii vivyo hivyo. Kisanduku cha ukurasa wa Facebook pembeni kiondoe, weka kiungo. Angalia pia kama hesabu ya wageni imewekwa mara mbili, mara moja na themu na mara nyingine na plagini. Ni kosa la kawaida, na linaharibu takwimu juu ya kuchelewesha.

Faili zinazobaki ziwekee `defer` ili zisizuie maandishi kuonekana. Kuwa mwangalifu na swichi ya "kuahirisha JavaScript hadi mgeni aguse". Alama ya PageSpeed hupanda ghafla, lakini mguso wa kwanza wa msomaji ndio unaozindua mafaili yote kwa mkupuo: anagusa menyu, haifunguki, anagusa tena. Ahirisha matangazo na takwimu kwa njia hiyo ukipenda. Menyu, utafutaji na kikapu usiviguse.

Kitufe cha kulipa kina uzito wake. Mteja akibonyeza "Lipa kwa M-Pesa" na skrini ikabaki kimya sekunde mbili, atabonyeza tena, na anaweza kupata maombi mawili ya PIN kwenye simu. Jambo la kwanza ambalo msimbo unafanya baada ya mguso liwe kukizima kitufe na kuandika "Tunatuma ombi, angalia simu yako". Mawasiliano na seva yafuate baadaye. Hivyo INP inashuka na malipo ya kurudiwa yanapungua. Kisanduku cha namba kiwe `type="tel"` chenye `autocomplete="tel"`, na kikubali 07, 06, 01, 255, 254 na alama ya kujumlisha; kusawazisha namba ni kazi ya seva, si ya mteja.

Vitu vinavyorukaruka

CLS hurekebishika haraka kuliko vipimo vingine. Kila picha na video iwe na `width` na `height` ili nafasi itengwe mapema. Kila tangazo liwe ndani ya kisanduku chenye urefu uliowekwa, kwa mfano `min-height: 280px` kwa tangazo la 336 kwa 280. Tangazo lisipopatikana kisanduku kibaki. Ukikikunja, maandishi yanaruka juu. Usiweke tangazo linalojitokeza juu kabisa ya kichwa cha habari. Taarifa ya vidakuzi ielee chini ya skrini, isisukume ukurasa. Sehemu ya "Soma pia" inayoingizwa katikati ya makala na JavaScript iandikwe na seva.

Usomaji wenyewe

Maneno ya Kiswahili ni marefu. Kichwa chenye "yatakayowasilishwa" kwa herufi kubwa za pikseli 40 hutoka nje ya skrini ya simu, na ukurasa mzima unaanza kuyumba kushoto na kulia. Weka `overflow-wrap: break-word`, na vichwa vya simu visizidi pikseli 28 hivi. Maandishi ya kawaida yaanzie pikseli 16, nafasi ya mistari 1.5 au 1.6. Vitufe viwe na pikseli 48 kwa kimo, na pengo la 8 kati yake. Rangi ya kijivu kwenye nyeupe haisomeki juani; ongeza giza.

Dirisha linalofunika makala mara tu msomaji anapotoka Google liondoe. Tangu Januari 2017 Google huweza kushusha kurasa za namna hiyo kwenye simu. Ombi la "ruhusu taarifa" lije baada ya msomaji kumaliza makala, au lisije kabisa.

Angalia pia lugha iliyotangazwa. Tovuti nyingi za Kiswahili zimeandikwa `lang="en"` kwa sababu themu ilikuja hivyo. Google hutambua lugha kwa kusoma maneno yenyewe, lakini programu zinazowasomea wasioona hutegemea alama hiyo kuchagua matamshi. Nenda Settings, General, Site Language, uchague Kiswahili, kisha uhakikishe chanzo cha ukurasa kinasema `lang="sw"`. Ukiwa na toleo la Kiingereza pembeni, weka `hreflang`, alama inayoonyesha ukurasa wa lugha nyingine, ya `sw` na `en` kwenye kurasa zote mbili. Upande mmoja usipourudishia mwingine, Google hupuuza jozi nzima.

Mpangilio wa kazi na kusubiri

Usifanye yote siku moja. Weka nakala rudufu, kisha anza na picha ya juu, ambayo huleta badiliko kubwa kwa kazi ndogo. Fuata kache na Cloudflare, halafu plagini, halafu CLS. Baada ya kila badiliko futa kache zote mbili, ya plagini na ya Cloudflare, upime zile kurasa tatu ukilinganisha na kumbukumbu yako. Jaribu menyu, utafutaji, fomu na malipo kwa mkono. Kipimo kinaweza kupanda wakati fomu imekufa.

Takwimu za Google ni za siku 28 zinazosogea, hivyo badiliko la leo litaonekana likipanda polepole na kukamilika baada ya wiki nne. Kwenye Search Console bonyeza kitufe cha kuthibitisha marekebisho pale tu kundi zima la kurasa limerekebishwa. Ukurasa mmoja mbovu uliobaki hurudisha uthibitisho nyuma. Wiki nne zikipita na LCP haijasogea, rudi kwenye PageSpeed uangalie mgawanyo wake. Muda ukiwa kwenye baiti ya kwanza, tatizo ni seva au kache isiyoshika. Ukiwa kwenye kusubiri kuiomba picha, kuna `lazy` au usuli wa CSS uliosahaulika. Ukiwa kwenye kupakua, picha bado ni nzito. Ukiwa kwenye kuchora, kuna CSS au JavaScript inayozuia skrini, na mara nyingi ni plagini iliyosakinishwa baada ya wewe kumaliza kusafisha.